Mwembamba, hali samli, na lehemu iko juu

Wenzetu wanaokwenda Guangzhou kununua vitambaa wanakijua Kangle, kijiji kilichomezwa na mji, karibu na soko la Zhongda. Vichochoro vyembamba, cherehani kila upande, majora yanaletwa mlangoni na kupokelewa. Wapokeaji wakikosekana, majora yanarundikana njiani hata mtu hapiti.

Basi ini letu ndivyo lilivyo. Juu ya seli zake kuna vipokezi vinavyoikamata lehemu mbaya, LDL, kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani. Kipokezi kikishatua mzigo hurudi mlangoni kuchukua mwingine; safari moja ni kama dakika 10. Visipofanya kazi, lehemu hurundikana kwenye mishipa. Waliovigundua ni Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kilichowasukuma ni watoto wadogo waliokuwa na maradhi ya moyo ya wazee.

Watoto hao walirithi vipokezi vibovu kwa baba na kwa mama. Hapo ndipo panapotuhusu sisi khasa. Duniani, kama mtu 1 katika kila 300 ana jeni moja mbovu. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye jeni zote mbili mbovu. Na sisi, toka Maskati mpaka Mombasa, tunaozana watoto wa ami. Sisemi tuache, nasema tupime. Selimundu tunaiuliza kabla ya nikahi; lehemu nani anaiuliza?

Tumezoea kulaumu samli na biriani. Chakula kina sehemu yake, lakini mtu huyu aweza kuwa mwembamba, anatembea kila alfajiri, na LDL yake imepita 4.9. Tazameni pia kano ya kisigino iliyonenepa, na vinundu vya manjano kwenye kope.

Dawa ziko. Statini hulipunguzia ini kutengeneza lehemu, nalo likiona upungufu hutoa vipokezi zaidi. Mwenye jeni moja mbovu hufaidika sana. Mwenye mbili huwa hana vipokezi vya kutosha, kwa hiyo huongezewa matibabu mengine, hata kuchujwa damu kwa mashine.

Mtoto wa nyumba yenye maradhi haya apimwe tangu miaka 5, na kama wazazi wote wawili wanayo, mapema zaidi. Mwambieni daktari nani katika ukoo alikufa kwa moyo kabla ya miaka 55.