Plotinus na Safari ya Kurudi kwa Mmoja (Sehemu ya Nne)

Juma lililopita tulimwacha Plato na ulimwengu wake wa mambo yasiyobadilika, tukabaki na swali gumu: kama ukweli wenyewe uko juu na hauonekani, huu ulimwengu tunaoushika kwa mikono umetokaje huko? Karibu miaka 600 baada ya Plato kufa, Plotinus alilivaa swali hilo, na hakuliachia hadi mwisho wa uhai wake.

Alizaliwa karibu mwaka 205 B.K. Habari zake nyingi tunazipata kwa mwanafunzi wake Porphyry, ambaye anatueleza kwamba mwalimu wake hakupenda kuwataja wazazi wake wala mahali alipozaliwa, na alikataa kabisa kuchorwa picha. Ni waandishi wa baadaye waliosema kwao ni Misri. Akiwa na umri wa miaka 28 alishikwa na kiu ya falsafa. Akazunguka kwa walimu maarufu wa Aleksandria, na kila darasa alitoka amenyong'onyea, mpaka rafiki yake alipompeleka kwa Ammonius. Kwa huyo alikaa miaka 11. Mwaka 243 alifuatana na jeshi la Mfalme Gordian III wa Roma lililokwenda kupigana na Uajemi. Hakuifuata vita, alitaka kuijua hekima ya Waajemi na Wahindi. Gordian akafia huko, Plotinus akaponea chupuchupu, na mwaka uliofuata akahamia Roma.

Fundisho lake linaanzia mahali pa kawaida kabisa. Kila kilichopo kipo kwa sababu ya umoja wake. Lisambaratishe jeshi, na jeshi halipo tena. Wamebaki watu tu. Ibomoe nyumba, na kilichobaki ni mawe na mbao. Basi, asema Plotinus, kilicho juu ya vyote lazima kiwe kile kinachovipa vyote umoja, naye anakiita Mmoja. Mmoja hana umbo wala mpaka. Hata kusema kwamba yupo hakutoshi, kwa kuwa ni kumweka kwenye hesabu moja na vitu vilivyopo, hali vyote vimetoka kwake.

Kwake hutoka Akili, ambamo mna zile kweli za milele alizozitafuta Plato. Kwa Akili hutoka Nafsi, inayoupa ulimwengu uhai na mpangilio. Mwisho kabisa ni maada, mahali ambapo wema umefifia hadi haupo. Msomaji asidhani kwamba haya yalitokea kwa zamu, leo hili na kesho lile. Ni utegemezi usio na wakati. Wala Mmoja hakupungukiwa na kitu: Plotinus anamfananisha na chemchemi inayoilisha mito yote, nayo yenyewe ikabaki vilevile.

Kwa mtazamo huo uovu hauna chanzo chake wenyewe. Ni upungufu wa wema, kama giza lilivyo upungufu wa nuru. Hapa ndipo ninapoona jibu lake ni fupi kuliko swali. Mzazi aliyemzika mwanawe haoni upungufu. Anaona msiba uliomkalia kifuani. Hata hivyo fundisho hili lilimsaidia Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, kuachana na imani ya Wamani kwamba wema na uovu ni nguvu mbili zinazopigana tangu mwanzo.

Na lengo la maisha? Ni kurudi. Nafsi imeisahau asili yake kwa kushughulishwa na vitu vya nje, nayo inapaswa kugeuka, kujitakasa na kuingia ndani yake yenyewe, hadi pale ambapo anayetazama na anayetazamwa si wawili tena. Porphyry anaandika kwamba katika muda aliokaa naye, mwalimu wake aliifikia hali hiyo mara nne.

Fundisho kama hili lingeweza kumfanya mtu aidharau dunia. Wapo waliofika huko: Waginostiki, ambao baadhi yao walihudhuria darasa lake, walisema ulimwengu huu ni kazi ya muumba mpotovu. Plotinus aliwaandikia risala kali. Anayeutukana ulimwengu, aliwaambia, hajui anachokifanya. Na kumtaja Mungu bila kuishi kwa wema ni kutaja jina tu.

Nyumbani kwake Roma hayo yalionekana kwa macho. Watu wa tabaka la juu walipokaribia kufa walimkabidhi watoto wao, wavulana kwa wasichana, pamoja na mali zao, na nyumba ikajaa. Alikagua hesabu za yatima hao kwa subira, akisema kwamba madhali hawajawa wanafalsafa, mali yao lazima itunzwe salama. Mtoto mmoja, Potamon, alirudia somo lake tena na tena, na Plotinus akakaa kumsikiliza. Porphyry mwenyewe alipokusudia kujiua, mwalimu alimjia ghafla, akamwambia kwamba wazo hilo halitokani na akili timamu bali na ugonjwa wa huzuni, na akamhimiza asafiri. Porphyry akaenda Sicilia, akapona. Kwangu mimi ushahidi huu una uzito kuliko zile mara nne.

Macho yake yalikuwa dhaifu, hivyo hakuyarudia maandishi yake hata mara moja. Alipofariki mwaka 270 aliacha risala 54, na Porphyry akazipanga katika vitabu sita vya risala tisa tisa.

Katika karne ya 9, sehemu za risala hizo zilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, katika kundi la mwanafalsafa al-Kindi, zikaenea kwa jina la Theolojia ya Aristotle. Ibn Sina aliandika maelezo juu yake. Kwa karne nyingi, basi, wanazuoni walijadiliana na Plotinus wakidhani wanajadiliana na Aristotle. Juma lijalo tutaanza na al-Kindi mwenyewe, ambaye pamoja na kuisimamia kazi hiyo alishikilia kwamba ulimwengu una mwanzo katika wakati, jambo ambalo Plotinus asingelikubali kamwe.