Kukagua Chombo na Kukadiri Thamani Yake

Mizigo mingi inunuliwayo Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, huvushwa kwenda visiwani kwa majahazi na mashua. Basi mwenye duka akihesabu nauli anayolipa, hutamani kuwa na chombo chake mwenyewe. Hushuka pwani, huona jahazi lililopakwa rangi mpya, na kupatana bei siku ile ile. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu hatari ya jambo hilo, kwani rangi husitiri mengi.

Kwanza yapasa kujua kwamba kazi hizi ni mbili. Ukaguzi wa Serikali, ambao kwa Tanzania Bara ni kazi ya TASAC, shirika lililoanza mwaka 2018, hutazama usalama: je, chombo chafaa kusafiri, nacho chaweza kuchukua watu na mizigo kiasi gani? Cheti chake hakitaji bei. Kukadiri thamani ni kazi ya fundi anayeitwa na mnunuzi, au benki, au watu wa bima, au warithi wanaotaka kugawana kwa haki. Fundi huyo asiwe mtu wa muuzaji.

Fundi hangoji chombo kikiwa majini. Hutaka kipwelewe, kisafishwe magugu na chaza, ndipo aanze kwenye mkuku, kisha mataruma na mbao. Hugonga kwa nyundo ndogo: mbao nzima hulia, iliyooza hutoa sauti nzito. Hudunga ncha ya kisu penye mashaka, hutazama kalafati kama imelegea, na misumari kama imeliwa na kutu. Hachoki kuchungulia pembe ambamo maji ya mvua hutuama, kwa maana maji matamu huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Mashine huitaka iwashwe ikiwa baridi, kwani mashine iliyokwisha kupashwa moto huficha ugonjwa wake. Mwisho huangalia tanga, kamba, nanga, na hati za mwenyewe.

Baada ya hayo ndipo bei. Huuliza vyombo vya namna ile na umri ule vimeuzwaje siku za karibuni, kisha huondoa gharama ya matengenezo. Kwa mfano, tuseme vyombo kama hivyo huuzwa shilingi 20,000,000, na hiki chahitaji mbao na mashine za shilingi 6,000,000. Basi thamani yake ni shilingi 14,000,000, hata kama rangi yang'aa. Mnunuzi asiyejua hayo hulipa mara mbili: kwanza kwa muuzaji, kisha kwa seremala.

Lakini fedha si jambo kubwa kuliko yote. Tarehe 20 Septemba 2018 haisahauliki: siku hiyo MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 walikufa. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua watu 101, nayo ilichukua wengi zaidi. Hivyo ukaguzi hauna faida ikiwa kipimo kilichowekwa hakifuatwi.

Basi anayetaka kununua chombo na amwite fundi kabla ya kutoa fedha, na akiisha kununua atii cheti chake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa chombo, ukiwa katikati ya bahari, hauna ukuta wa kujengwa.