Usajili wa mbwembwe, ukuta wa udongo

Chuo Kikuu cha Colorado kilimaliza msimu wa 2022 kwa ushindi 1 na vipigo 11. Desemba mwaka huohuo timu yake ya futiboli ya Kimarekani ikakabidhiwa Deion Sanders, nyota wa zamani wa ligi ya kulipwa ya NFL. Sanders hakuja kukarabati nyumba, alikuja kuibomoa. Wachezaji aliowakuta aliwaambia waziwazi kuwa wengi wao watafute pa kwenda. Ilipofika Septemba 2023, zaidi ya 80 kikosini walikuwa sura mpya.

Miaka michache nyuma hilo lisingewezekana. Mchezaji akihama chuo alikaa nje msimu mzima, hadi 2021 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliporuhusu kuhama mara moja bila adhabu hiyo. Tangu hapo vyuo vinasajili kama klabu.

Mechi ya kwanza ilikuwa sherehe. Colorado iliifuata TCU kwake Texas, timu iliyotoka kucheza fainali ya taifa, ikaifunga 45-42. Shedeur Sanders, mtoto wa kocha, alirusha mpira jumla ya yadi 510, rekodi ya chuo. Mwenzake, Travis Hunter, alishambulia na kukaba katika mechi hiyohiyo, jambo adimu sana siku hizi. Zikafuata Nebraska na Colorado State, nazo zikalala.

Kisha ikaja Oregon: 42-6. Shedeur aliangushwa mara 7 akiwa bado na mpira mkononi.

Hapo ndipo penye siri ya msimu. Mrushaji, ambaye wenyewe humwita kwotabeki, si kitu bila majabali watano wanaosimama mbele yake kuwazuia wapinzani. Majabali hao aghalabu hawaugusi mpira, na ni nadra mtoto kuomba anunuliwe jezi zao. Kazi yao ni kumpa mrushaji sekunde mbili tatu za kutazama nani yuko wazi. Nao hawaokotwi sokoni: vijana wa kilo 140 wenye miguu myepesi ni wachache, chuo kilicho nao hakiwaachii kirahisi, na watano hao lazima wazoeane kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja. Sanders alipata wakimbiaji na wadakaji wa kutosha. Ukuta ulibaki wa udongo, na Shedeur akaangushwa mara 52 msimu huo.

Dhidi ya Stanford, Colorado iliongoza 29-0 hadi mapumziko, ikapoteza 46-43 katika muda wa nyongeza (kipigo hicho ulinzi nao una deni lake). Novemba kocha akampokonya msaidizi wake, Sean Lewis, kazi ya kupanga mashambulizi. Ni sawa na kumpa dawa ya kikohozi aliyevunjika mguu. Mechi 6 za mwisho zote zilipotea. Hesabu ikafungwa kwa ushindi 4 na vipigo 8.

Desemba 2023 Sanders alimsajili Jordan Seaton, mmoja wa vijana wa ukuta waliogombewa zaidi kutoka shule za sekondari Marekani. Msimu wa 2024 Seaton alisimama mbele ya Shedeur tangu mechi ya kwanza. Colorado ilishinda mechi 9.