Kuhama, Kuhamia na Kuhamisha: Msamaha wa Ushuru kwa Gari la Kibinafsi

Miongoni mwa maneno ambayo Wakenya waishio ughaibuni huyatamka kwa matumaini makubwa wanapojiandaa kurejea nyumbani ni "msamaha wa ushuru". Aghalabu maneno haya huandamana na gari. Mtu aliyefanya kazi Uingereza au Afrika Kusini kwa miaka kadhaa husikia kutoka kwa wenzake kwamba serikali humruhusu anayerejea kuleta gari moja bila kulilipia ushuru. Basi hununua gari zuri miezi michache kabla ya kufunga virago, akalipakia melini na kurejea akiwa na furaha. Gari linapofika Mombasa ndipo anapoarifiwa kwamba hastahiki. Akiba aliyoiweka ya kuanzia maisha huishia katika ushuru. Au gari hubaki bandarini, na ada za hifadhi zikaongezeka siku baada ya siku. Makala haya yanafafanua msamaha huo ni upi, unamhusu nani, na kwa nini masharti yake yako jinsi yalivyo.

Ni vyema kuanza na mzigo unaosamehewa. Gari linaloingia Kenya hutozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na Kodi ya Ongezeko la Thamani, mbali na ada nyingine ndogondogo. Tozo hizi tatu hazihesabiwi kando kando, bali hupandiana. Ushuru wa forodha hutozwa juu ya bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya jumla hiyo ikiwa tayari imeongezewa ushuru wa forodha. Na Kodi ya Ongezeko la Thamani huja juu ya yote. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, na hutegemea aina na ukubwa wa injini, lakini mfano mmoja unatosha. Tuseme gari limefika Mombasa kwa thamani ya shilingi 1,000,000, na viwango ni asilimia 25, 20 na 16. Ushuru wa forodha utakuwa 250,000. Ushuru wa bidhaa, unaohesabiwa juu ya 1,250,000, utakuwa 250,000 pia. Kodi ya Ongezeko la Thamani juu ya 1,500,000 itakuwa 240,000. Jumla ni shilingi 740,000. Asili ya neno ushuru ni Kiarabu, nalo linatokana na mzizi wenye maana ya kumi, yaani fungu la kumi la mali. Neno limebaki lile lile, ila fungu limekua!

Sheria inayotoa nafuu hii si ya Kenya peke yake. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na maelezo yenyewe yamo katika Jedwali la Tano. Jambo la kuzingatia ni mahali ambapo gari limetajwa. Halikutajwa chini ya magari wala chini ya biashara. Limetajwa miongoni mwa mizigo ya msafiri, baada ya mavazi na vyombo vya nyumbani. Kwa mtazamo wa sheria, gari hili ni ndugu wa sufuria na kitanda: kitu ambacho mtu alikuwa akikitumia alikoishi, na ambacho amekibeba kwa kuwa anahamisha makao.

Hapa mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili unaifafanua sheria vizuri kuliko maelezo marefu. Kuhama ni kuondoka mahali pa makao. Kuhamia, katika kauli ya kutendea, ni kwenda kukaa mahali papya. Kuhamisha, katika kauli ya kutendesha, ni kukifanya kitu kihame. Anayeomba msamaha hutakiwa kuthibitisha yote matatu: kwamba amehama huko kikweli, kwamba amehamia huku kikweli, na kwamba gari limehamishwa pamoja naye. Mtu aliyeagiza gari kutoka ng'ambo hajahamisha chochote, hata kama yeye mwenyewe amehama. Tofauti ya kuagiza na kuhamisha ndiyo inayowaponza wengi.

Kutokana na kuhamisha kunazuka sharti la miezi 12. Mwenye gari lazima awe amelimiliki yeye binafsi na kulitumia nje ya nchi wanachama kwa muda usiopungua miezi hiyo, na siku ambazo gari limo safarini baharini hazihesabiwi. Vitenzi ni viwili, kumiliki na kutumia, na kimoja hakitoshi. Gari lililosajiliwa kwa jina la mwajiri au la rafiki halikumilikiwa na mwombaji hata kama alikuwa akiliendesha kila siku. Sheria huliondoa pia gari lisilofanana na chombo cha nyumbani: basi dogo linalobeba abiria zaidi ya 13, na gari la mizigo lenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani 2. Kwa hivyo matatu ya abiria 14, ambayo wengi wangependa kuanzia biashara, imeachwa nje kwa tofauti ya kiti kimoja.

Kutokana na kuhama kunazuka masharti ya ukaaji. Mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 18. Aidha, mwongozo wa Halmashauri ya Ushuru ya Kenya, KRA, humtaka anayerejea awe ameishi nje kwa miaka 2 au zaidi, na ziara zake za nyumbani katika kipindi hicho zisizidi siku 90 kwa jumla. Sharti hili la mwisho huonekana dogo hadi mihuri ya pasipoti inapohesabiwa. Likizo ya Desemba ya wiki 5, mazishi ya mzazi ya wiki 3, harusi ya ndugu ya wiki 2, kisha kurudi tena kwa mwezi na siku kadhaa kusimamia ujenzi: tayari siku 90 zimepita. Huenda mtu huyu hakuwahi kujiona kuwa mkaaji wa Kenya katika miaka hiyo, lakini pasipoti inasema vinginevyo. Ndiyo maana pasipoti zote, hata zilizokwisha muda, zinafaa kuhifadhiwa pamoja na hati ya usajili wa gari, stakabadhi ya ununuzi na hati ya shehena.

Kuhamia nako kuna muda wake. Gari linapaswa kuingizwa nchini katika siku 90 tangu mwenyewe awasili. Kamishna anaweza kuongeza muda huo, lakini usizidi siku 360 tangu kuwasili. Anayekuja kwanza kutafuta nyumba na shule za watoto, akaliacha gari lije baadaye, anafaa kuiandika tarehe hiyo mahali asipoweza kuisahau.

Mbali na sheria ya forodha kuna kanuni za magari, na msamaha wa ushuru haumwondolei mtu kanuni hizi. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hakiruhusu gari lililozidi miaka 8. Vilevile magari yenye usukani wa kushoto hayasajiliwi nchini isipokuwa yale ya kazi maalumu kama ambulensi. Kwa aliyeishi Uingereza au Afrika Kusini, kanuni ya usukani si tatizo. Kwa aliyeishi Marekani, Ujerumani, Saudia au Dubai, ingekuwa dhuluma: gari alilolimiliki na kulitumia kwa haki haliwezi kuingia, na linaloweza kuingia hakulimiliki. KRA imelitatua jambo hili kwa busara. Mtu kama huyo huweza kuruhusiwa kuleta gari mbadala lenye usukani wa kulia, mradi athibitishe kwamba alilimiliki lile la kwanza kwa miezi 12, kwamba aliliuza kabla ya kurejea, na kwamba bei ya mbadala haizidi ya lile lililouzwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba msamaha ni wa Wakenya tu. Sheria hutaja makundi mawili, mkaaji anayerejea na mtu anayewasili kwa mara ya kwanza, mradi wote wawe wanabadilisha makao kwa nia ya kweli. Mhandisi kutoka India anayehamia Nairobi kwa kazi anaweza kuleta gari lake la zamani kwa kifungu hicho hicho. Wanadiplomasia wana njia yao nyingine, inayotokana na makubaliano ya serikali. Anayesahaulika, kwa hakika, ni Mkenya aliyefunza Kampala au Dodoma kwa miaka 10. Sheria hutaka makao ya awali na matumizi ya gari yawe nje ya nchi wanachama, naye hakutoka nje ya Jumuiya. Kadiri Jumuiya inavyopanuka, kama ilivyofanya kwa kuipokea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, ndivyo "nje" inavyozidi kusogea mbali.

Neno msamaha lenyewe lina lawama yake katika mkanganyiko huu. Katika Kiswahili, anayesamehewa ni mkosaji, na anayesamehe hufanya hivyo kwa hisani. Mtu anayekwenda forodhani akiamini kwamba anaomba hisani hutafuta mtu wa kumwombea, naye hujikuta mikononi mwa madalali wanaomwahidi kwamba "wanajuana na wakubwa". Afisa wa forodha hana hisani ya kugawa hapa. Kazi yake ni kuridhika au kutoridhika na ushahidi. Pengine "kuondolewa ushuru" lingekuwa jina la haki zaidi, ijapokuwa halina utamu wa lile la kwanza.

Hata baada ya gari kusajiliwa na kuvishwa nambari za Kenya, nafuu hubaki imefungamana na aliyepewa. Akiliuza au kulihamishia kwa mtu asiyestahiki nafuu hiyo, ushuru ulioondolewa hudaiwa. Kwa sababu hiyo, anayeuziwa gari la mtu aliyerejea hivi karibuni kutoka ughaibuni anafaa kuuliza kwanza liliingiaje nchini, na kuonyeshwa hati kwamba ushuru umelipwa, kabla ya kuuliza limekwenda kilomita ngapi.