Hesabu Isiyofika Idsowe

Vyuo vyetu vikitakiwa kufundisha uendelevu, huwa vinakimbilia kozi moja ya lazima: mwaka wa kwanza, ukumbi umefurika, mhadhiri mmoja wa mazingira, mtihani wa kuchagua majibu, na mambo yameisha. Mwanafunzi wa uhandisi hutoka hapo akijua kwamba kukata miti ovyo ni vibaya, kisha huingia darasa la haidroliki ambako habari hizo hazitajwi tena hadi ahitimu. Sera ya Wizara ya Elimu ya Kenya ya mwaka 2017 kuhusu elimu kwa maendeleo endelevu inataka jambo hili lienee katika ngazi zote za masomo, na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kupitia mpango wake wa MESA ilikuwa imekwisha kuvihimiza vyuo vikuu vya Afrika vifanye hivyo. Ni sawa, lakini kuenea peke yake hakutoshi. Ninachodai ni kwamba uendelevu hautakuwa na maana chuoni mpaka uingie ndani ya hesabu ya kila fani, pale pale alama zinapotolewa. Anayetaka kuipima hoja hii na aitazame Idsowe, kando ya Mto Tana karibu na Garsen, ambako maamuzi ya wataalamu wa karibu kila fani yameteremka pamoja na maji.

Tuanze na mhandisi. Tana ni mto mrefu kuliko yote Kenya, takriban kilomita 1,000, na huko juu umewekewa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Kwa kipimo cha fani yao, waliojenga walifaulu. Kuta zimesimama na taa zinawaka. Huku chini, hata hivyo, Wapokomo wamelima karne nyingi kwa kutegemea mto ufurike kwa misimu: mpunga mabondeni yanakotuama maji, migomba, miembe na mahindi kwenye kingo zilizoinuka, na maziwa kama Shakababo yakipata maji mapya na samaki kila mto unapopanda. Utafiti wa mtiririko uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba baada ya mabwawa, maji ya kiangazi yaliongezeka na vilele vya mafuriko vikapungua. Katika vitabu vya bwawa hayo ni mafanikio matupu. Kwa mkulima wa Idsowe, furiko la wastani ni pembejeo iliyopotea, ilhali furiko kubwa, lile linalobeba nyumba, bado linakuja. Maji kiasi gani yaachiliwe, na mwezi gani, ni swali la uhandisi tangu mwanzo. Halikustahili kusubiri kozi ya mazingira.

Mtaalamu wa misitu naye ana lake. Mti wa mathenge ulipandwa Bura, kwenye bonde hilo hilo la Tana, mapema miaka ya 1980 ili watu wapate kuni, na ukaota vizuri kupita ulivyotarajiwa. Leo unaziba malisho na njia za maji. Fani ilikuwa imejifunza kupima miche inayopona. Kupima mti utakaokataa kuondoka hakukuwa na alama.

Lakini somo kubwa liko kwa wahasibu na wachumi, ambao kwa kawaida hatuwahesabu kabisa tunapozungumzia mazingira. TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ilijenga mradi wa mpunga wa umwagiliaji kwenye delta ya Tana, na mafuriko ya El Niño ya 1997–98 yakaubomoa. Muongo mmoja baadaye likaja pendekezo la mashamba makubwa ya miwa. Mwaka 2008 wataalamu walioipitia hesabu ya mradi huo kwa niaba ya shirika la uhifadhi la Nature Kenya walionyesha kwamba faida ilikuwa imekuzwa, na kwamba thamani ya shughuli zilizokuwapo tayari, yaani kilimo, uvuvi na malisho, haikuingizwa ipasavyo. Fikiria malisho hayo. Kiangazi kikikaza, Waorma na Wardei huteremsha mifugo kutoka bara hadi delta. Ng'ombe anayepona miezi hiyo anaokoa maziwa, mahari na karo, lakini hakuna risiti iliyoandikwa, kwa hiyo kwenye daftari nyasi zile ni sufuri. Ukichukua sufuri hiyo ukailinganisha na mapato ya sukari, mradi wowote utaonekana wa neema. Katika sufuri hiyo mhasibu hakudanganya mtu. Alijumlisha alichofundishwa kujumlisha.

Upande wa sheria na upimaji mambo ni hayo hayo. Malka, njia za kuwafikisha mifugo mtoni, ni haki ya msimu, na ramani ya mpima ardhi inajua mstari wa kudumu tu. Mapigano ya Wapokomo na Waorma ya 2012 na 2013 yaliyoua watu zaidi ya mia moja yalikuwa na siasa ndani yake, sikatai, lakini ugomvi wa ardhi na maji ulikuwa chini yake. Februari 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na wakazi, iliagiza mipango ya matumizi ya ardhi ya delta itayarishwe kwa kuwashirikisha wenyeji. Mpango ukakamilika 2015. Kazi hiyo iliwakalisha pamoja wataalamu wa fani ambazo chuoni hazikuwahi kukaa darasa moja.

Wahadhiri watasema silabasi imejaa. Ni kweli, ndiyo maana sipendekezi somo jipya. Napendekeza mifano ibadilishwe ndani ya masomo yaliyopo. Watasema wao si wataalamu wa ikolojia. Hawahitaji kuwa: mwalimu wa uhasibu anahitaji kujua kuthamini kitu kisichouzwa sokoni, na hiyo ni mbinu ya fani yake. Wazazi wa Garsen wanaojinyima kumpeleka mtoto Pwani University au Technical University of Mombasa watauliza kama haya yanaleta kazi. Viwango vya kimataifa vya kuripoti uendelevu vilitolewa Juni 2023, na ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, imekwisha kutoa ratiba ya kuvitumia. Anayejua hesabu hiyo atatafutwa. Pingamizi lenye uzito ni lingine: kwamba miradi mibaya hupitishwa na wenye nguvu, si na wajinga. Nalikubali nusu. Mwenye nguvu naye huhitaji ripoti ya tathmini iliyotiwa sahihi na mhitimu fulani, na ripoti dhaifu ni rahisi kuipinga mahakamani pale tu upande wa pili una mhitimu anayeweza kuisoma.

Kwa hiyo kazi iko kwa watunga mitihani na wasahihishaji wa nje. Swali la tathmini ya miradi linaweza kumpa mtahiniwa hekta kadhaa za delta, mavuno ya mpunga ya miaka kumi yenye mafuriko mawili makubwa, na mifugo inayokuja miezi mitatu bila kulipa ada, kisha limtake aseme kama miwa inalipa. Atakayeacha mifugo nje ya jedwali apoteze alama, sawa na aliyesahau kutoa riba.