Ruta Iliyofichwa Chini ya Meza

Mhasibu analalamika kwamba intaneti imekata, ilhali jirani yake anaendelea na kazi bila shida. Kufika saa sita wameshakuwa wanne, na kesho yake ni nusu ya ofisi. Hitilafu inayoenea mmoja mmoja hivi, kama surua, humfanya fundi wa mitandao ashuku jambo moja mapema: kuna mtu kachomeka ruta ya nyumbani kinyemela.

Kompyuta inapowashwa huutangazia mtandao wote kwamba inaomba anwani. Seva ya DHCP, utaratibu ulioelezwa katika waraka wa RFC 2131 wa mwaka 1997, huikodishia anwani kwa muda na kuionyesha njia ya kutokea nje. Hakuna anayeulizwa kitambulisho. Ruta ya nyumbani nayo hugawa anwani, na kompyuta kwa kawaida hupokea jibu linalotangulia kufika. Hapo seva ya ofisi inaweza kuponzwa na adabu yake: waraka huo unaishauri ihakikishe kwanza kuwa anwani haitumiki, na kuna seva zinazosubiri hadi sekunde nzima kabla ya kujibu.

Mashine inayoendelea kuwaka na ambayo muda wake wa kukodi haujaisha humrudia aliyeikodishia, kwa hiyo husalimika. Zinazonaswa zaidi ni zinazowashwa upya, kwa kuwa huutangazia tena mtandao wote. Maana yake, ule ushauri maarufu wa watu wa IT, “zima halafu uwashe,” hapa unaongeza wagonjwa.

Msako huanzia kwenye mashine iliyoathirika. Andika `ipconfig /all`: ofisi inatumia anwani zinazoanza na 10, lakini hii imepewa 192.168.0.105, na aliyeigawa ni 192.168.0.1. Kisha `arp -a` inatoa anwani ya MAC ya huyo mgawaji, tarakimu na herufi 12. Sita za mwanzo kwa kawaida humtaja mtengenezaji, maana IEEE ndiyo inayozigawa kwa viwanda. Ila ya pili kati ya hizo ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo imebuniwa na kifaa chenyewe au na mtu, kama zifanyavyo simu nyingi siku hizi.

Swichi, kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao wa ofisi, nayo hukumbuka kila MAC imeingilia tundu gani. Tundu likielekea swichi nyingine, unahamia huko, mpaka ufike kwenye waya unaoishia ukutani. Lebo za ukutani, kusema kweli, si za kuaminiwa. Ofisi hugawanywa upya na lebo zikabaki za zamani.

Cha kuudhi ni kwamba ruta yenyewe ni nzima. Mwenyewe alitaka tu Wi-Fi imfikie mezani. Angechomeka waya kwenye tundu la WAN, la upande wa nje, badala ya la LAN, la upande wa ndani, isingewagawia wengine anwani. Swichi nyingi za ofisi pia zinaweza kuamriwa zikatae anwani zinazogawiwa kutoka tundu lisiloruhusiwa, ila sharti mtu awe ameuwasha ulinzi huo.

Fundi aliyechoka kutambaa chini ya meza hulifunga lile tundu akiwa kwenye swichi, kisha hungoja simu. Wa kwanza kupiga akilalamika kwamba Wi-Fi yake imekufa ndiye mwenye ruta.