Homa Inayokuja Baada ya Virusi Kuondoka: UVIKO-19 na Mwako wa Mwili kwa Watoto

Mwanzoni mwa janga la UVIKO-19, madaktari wa watoto walikuwa na faraja moja: watoto wengi walioambukizwa waliugua kidogo tu, au hawakuugua kabisa. Faraja hiyo ilitikisika mwezi Aprili 2020. Hospitali za London zilianza kupokea watoto waliokuwa wazima siku chache kabla, ambao sasa walikuwa na homa kali isiyoshuka, maumivu ya tumbo, macho mekundu na shinikizo la damu lililoporomoka. Huko Bergamo, kaskazini mwa Italia, hospitali moja ilipokea watoto 10 wenye dalili zinazokaribiana na hizo katika muda wa takribani miezi miwili, ilhali katika miaka 5 iliyotangulia ilikuwa imepokea 19 tu.

Dalili hizo zilifanana na za ugonjwa wa Kawasaki, uliotangazwa mwaka 1967 na daktari wa watoto wa Kijapani, Tomisaku Kawasaki. Ugonjwa huo huleta mwako, yaani uvimbe na joto linalotokana na kinga ya mwili, katika kuta za mishipa ya damu, hasa ile inayolisha moyo. Hata hivyo, tofauti zilionekana. Kawasaki huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5, lakini wengi wa wagonjwa hawa wapya walikuwa wa umri wa kwenda shule, na misuli ya moyo yao ilidhoofika mara nyingi zaidi. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa vigezo vya awali vya kuutambua ugonjwa huo, unaojulikana kwa kifupi kama MIS-C.

Uhusiano wake na virusi vya korona unaonekana kwa njia mbili. Kwanza, wagonjwa huongezeka wiki 2 hadi 6 baada ya maambukizi kuenea katika jamii. Pili, watoto wengi walipopimwa puani hawakukutwa na virusi, lakini damu yao ilikuwa na kingamwili, ambazo ni alama ya maambukizi yaliyokwisha kupita. Kwa maneno mengine, mtoto hadhuriwi na virusi vilivyomo mwilini wakati huo, bali na kinga yake mwenyewe, mithili ya walinzi wanaoendelea kurusha mishale ndani ya nyumba ilhali mwizi ameshatoroka.

Ugonjwa huu ni wa nadra, lakini haupaswi kudhaniwa kuwa ni wa Ulaya pekee. Katika taarifa ya mapema kutoka Paris, zaidi ya nusu ya watoto 21 walikuwa na asili ya Afrika, na madaktari wa Cape Town nao waliripoti wagonjwa wao mwaka huohuo wa 2020. Katika mazingira yetu, homa, kutapika na kuhara huelekeza fikra kwenye malaria au homa ya matumbo. Maumivu makali ya tumbo huweza kudhaniwa kuwa kidole tumbo. Aidha, vipele vyekundu si rahisi kuonekana kwenye ngozi nyeusi, hivyo ni muhimu kuchunguza pia macho, midomo, ulimi na viganja.

Kwa mhudumu wa afya, swali moja lina thamani kubwa: je, katika wiki 6 zilizopita kuna mtu nyumbani au shuleni aliyeugua mafua, kikohozi au UVIKO-19? Kipimo cha virusi kisichoonyesha kitu hakitoshi kuuondoa ugonjwa huu katika fikra. Malaria na maambukizi ya bakteria katika damu yachunguzwe na kutibiwa bila kuchelewa. Lakini homa ikidumu siku 3 au zaidi, mapigo ya moyo yakawa ya kasi na shinikizo likashuka, mtoto apewe rufaa kwenda penye vipimo vya mwako katika damu na kipimo cha moyo cha ultrasaundi.

Tiba ipo. Imunoglobulini kwa njia ya mshipa pamoja na dawa za steroidi hutuliza kinga iliyopotoka, na watoto wengi hupona, moyo ukirejea katika nguvu zake. Kuwahi ndiko kunakookoa. Kwa ugonjwa wa Kawasaki, takribani mtoto 1 kati ya 4 asiyetibiwa hupata upanuzi wa mishipa ya moyo, na tiba inayotolewa ndani ya siku 10 tangu homa ianze hupunguza sana hatari hiyo. Aspirini hutumika pia, lakini kwa agizo la daktari tu. Mzazi asimpe mtoto dawa hiyo nyumbani.

Mzazi au mlezi amwahishe mtoto hospitalini iwapo homa haishuki, na hasa akipumua kwa shida, akiwa na usingizi usio wa kawaida, miguu na mikono ikiwa baridi, au tumbo likimuuma sana. Afikapo, aeleze pia ugonjwa uliopita nyumbani mwezi uliotangulia, hata kama ulionekana kuwa mafua tu. Habari hiyo ndogo yaweza kumfikisha mtoto kwenye tiba kabla moyo haujadhurika.